Nilichoandika Nyuma ya Friza

Kama gazeti la wiki iliyopita lilikufikia likiwa limeshafungiwa nyama, kaa kidogo nikurudishe tulipotoka.

Mimi ni fundi wa friza. Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa na karakana yangu, na sokoni kila mtu aliniita Daktari. Kisha kiwanda kinachotengeneza friza kikaamka asubuhi moja kikatangaza kwamba hakiuzi tena friza. Kinauza baridi.

Usicheke. Mimi nilicheka, na ona nilipo.

Mpango wao ulikuwa hivi. Wewe mwenye bucha, mwenye duka la dawa, muuza maziwa, unawapa friza yako ya zamani, wanakuletea nyingine, na kila mwezi unalipia ubaridi tu. Friza si yako. Ikizima, si shida yako. Ndani yake wameficha kisanduku chenye laini ya simu, kinachopeleka habari kiwandani kabla hata wewe hujaona barafu inatoa jasho. Saa mbili hazipiti, fundi wao yuko mlangoni. Na skrubu za nyuma wamezitia kichwa cha pembetatu, ambacho bisibisi yangu haikuwahi kukutana nacho.

Vipuri navyo wakaacha kuuza. Wangemuuzia nani, wakati friza zote zimekuwa zao?

Aliyewafungulia mlango wa soko alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kazi nilimfundisha mimi. Daftari langu lenye magonjwa ya kila friza ya mji huu nilimwazima mimi, kwa mkono huu. Akalibeba kwapani hadi kiwandani, wakampa cheo cha Mkuu wa Huduma na ofisi yenye kiyoyozi. Karakana yangu sasa ni duka la viatu.

Wiki iliyopita niliishia pale nilipomeza fedheha nikaenda kumwomba kazi. Mke wangu ndiye aliyeniombea. Shemeji akanitazama juu mpaka chini, akanipa ovaroli yenye namba kumi na moja mgongoni, akanipeleka banda la nyuma kuosha mipira ya milango.

Ulidhani nilifuata riziki? Nilifuata kumzika.

*

Banda la nyuma ndiko zinakoletwa friza kuukuu walizokusanya kwa wateja. Siku yangu ya tatu pale, nimepiga magoti na ndoo ya sabuni, jicho langu likaangukia friza moja ndefu, nyeupe pee, rangi bado inanuka. Mlangoni ilibandikwa karatasi: TAYARI KWA MTEJA.

Ubavuni ilikuwa na kibonde, mahali bati limebonyea. Walikuwa wamekipaka rangi, hawakukinyoosha.

Kibonde kile nakijua. Alikitia dada mkubwa wa mke wangu, yule ambaye mji mzima unamwita Mama Bucha, siku alipokuwa amebeba paja zima la ng'ombe akateleza nalo. Nilikuwepo. Nilicheka mpaka akanirushia kitambaa cha damu.

Kwa hiyo friza "mpya" ya kiwanda ilikuwa friza kuukuu ya Mama Bucha, imeogeshwa na kuvishwa.

Damu ikanichemka kwa furaha. Nikatazama huku na huku, nikatoa ufunguo wangu. Ndiyo, nilikuwa na wangu. Niliuchonga kwa tupa kutoka kwenye msumari wa inchi nne, jioni tatu mfululizo, mpaka ukaingia kwenye ile pembetatu yao kama umezaliwa nayo.

Nikafungua skrubu mbili za juu. Zilikuwa laini, zikazunguka zenyewe. Nikavuta kona ya bati la nyuma, nikamulika kwa simu.

Mwandiko wangu!

Hapa lazima nikueleze jambo la kazi yetu. Fundi wa friza akimaliza kutibu, kabla hajafunga bati la nyuma, anaandika kwa ndani yake, kwa penseli. Wino unakimbia kwa unyevu, penseli haitoki. Anaandika tarehe, ugonjwa na dawa aliyotoa. Mteja hatakuja kusoma, kwa sababu mteja hafungui bati. Anayeandikiwa ni fundi atakayekuja baadaye, ambaye mara nyingi ni wewe mwenyewe umeshasahau.

Na pale hatuandiki uongo. Nje ya friza unazungumza na mteja, na mteja unaweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ndani unazungumza na fundi mwenzako, na huyo ukimdanganya anaweza kufa kwa umeme. Ndiyo maana mpaka leo penseli yangu inakaa juu ya sikio. Mke wangu husema nitazikwa nayo.

Nilisoma mistari mitatu ya juu. Mpira wa mlango, mpya. Themostati, mpya. Feni, imesafishwa. Tarehe za miaka tisa, kumi iliyopita.

Ilinitosha. Zilibaki skrubu nne. Maisha yangu yote ya ufundi sijawahi kufunga bati ambalo sijalifungua lote, lakini siku ile nilifunga. Hatua zilikuwa zinakuja, na mimi hasira yangu ilikuwa imeshapata ilichokitaka.

"Namba Kumi na Moja."

"Naam, bosi." Neno "shemeji" tulikuwa tumeliacha getini.

Alisimama na kishikwambi chake kifuani, viatu vinang'aa kuliko friza. "Ijumaa tuna uzinduzi hapa uani. Wateja mia moja wanakuja kutia saini. Friza moja itapanda jukwaani waione."

"Vizuri, bosi."

"Ichague wewe."

"Mimi?"

"Wewe unazijua friza kuliko mtu yeyote humu ndani. Hilo sijawahi kulikataa. Ichague, uipanguse, uipandishe."

Akaondoka. Nilibaki nimeshika tambara, nacheka peke yangu kama mwehu. Mtu amenipa jembe nimchimbie kaburi, na bado ananisifu kwa kujua kulima.

*

Jioni ile nilimkuta mke wangu jikoni ananyoosha ovaroli yangu.

Nyumbani kwetu hakuna pasi ya umeme. Mke wangu ananyoosha kwa pasi ya mkaa, na ukimletea ile ya waya anatoka chumbani. Kisa chake kinajulikana. Miaka minane iliyopita, kabla sijamwoa, alikuwa anamsaidia dada yake buchani, akilala chumba cha nyuma. Wiki hiyo Mama Bucha alikuwa amepokea kazi kubwa ya maisha yake, nyama ya ng'ombe watatu kwa ajili ya karamu. Friza ikazima, kompresa imeungua, nyama yote ikaharibika.

Ikasemwa kwamba mdogo mtu alichomoa waya wa friza akachomeka pasi, kisha akarudisha waya kwa haraka, na kompresa ikashindwa kuwaka tena. Mama Bucha akamtupia begi lake barabarani. Tangu siku hiyo dada na mdogo wake hawasalimiani. Hata kwenye msiba wa mama yao walikaa pembe mbili za chumba, kila mmoja analia na ukuta wake.

Ndivyo ilivyosemwa.

"Ijumaa utakuja kiwandani," nikamwambia.

"Kufanya nini?"

"Kumwona kaka yako akivuliwa nguo mbele za watu."

Akaiweka pasi chini. "Wewe, ni kaka yangu yule."

"Na mimi ni nani? Alipoichukua karakana yetu alikuwa kaka wa nani?"

"Dada naye atakuwepo Ijumaa," akasema polepole. "Kwenye orodha ya wateja waliyoibandika getini nimeliona jina lake."

"Ndiyo maana nataka uje. Mimi nitamsimamisha dada yako mbele ya kila mtu aseme ukweli. Akishaona alivyodanganywa na huyo ndugu yenu, atarudi kwako."

Hapo alinitazama kwa tumaini ambalo sikuwahi kuliona usoni pake miaka minane. "Kweli?"

"Kweli," nikasema.

Moyoni nilikuwa namwazia shemeji tu. Hilo la dada nilibuni palepale, ili nipate shahidi.

*

Ijumaa ua ulijaa. Wenye mabucha, wauza maziwa, wenye maduka ya dawa, mama mmoja muuza barafu za watoto, wote wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mama Bucha alikuwa mstari wa mbele, amefunga kilemba, mikono yake minene imelala mapajani. Mke wangu alisimama nyuma kabisa, karibu na geti.

Friza niliipandisha mwenyewe, nimeipangusa mpaka inaonyesha mawingu. Kibonde nilikigeuzia upande wa watu.

Mkurugenzi wa kiwanda akashika kipaza sauti.

"Zamani tulikuwa tunauza friza," akasema. "Nitawaambia siri yetu. Tulikuwa tunaomba ife mapema kidogo, dhamana ikishaisha, ili uje ununue nyingine. Na fundi wa mtaani naye alikuwa anaomba iugue mara kwa mara. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unaomba ipone! Sasa tunauza baridi. Baridi ikikatika hulipi, hasara ni yetu. Kwa hiyo na sisi sasa tunaomba ipone."

Watu walipiga makofi mpaka viti vikalia. Mimi maneno yale yalinichoma, na yalinichoma kwa sababu yalikuwa kweli tupu. Miaka ishirini na miwili niliishi kwa magonjwa.

Shemeji akapewa kipaza sauti aonyeshe friza. Hakufika sentensi ya pili, nikawa nimeshapanda jukwaani na ovaroli yangu.

"Muulizeni hii friza ina umri gani!"

Mkurugenzi akasimama nusu. Shemeji yeye alishusha kipaza sauti taratibu, akasogea pembeni kunipisha, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Nilidhani ameishiwa nguvu.

"Mama Bucha," nikaita, "njoo uitazame hii ubavuni."

Akaja, anahema kwa ngazi. Akapitisha kidole kwenye kibonde. Uso ukamkunjuka.

"Hii yangu!" akapiga kelele. "Jamani, hii si ile yangu? Paja la ng'ombe hili hapa!"

Vurugu zikaanza. Muuza maziwa akasimama: "Ina maana na ile mliyoniletea mimi ni kuukuu ya mtu?"

"Sijui," shemeji akamjibu, bila hata jasho. "Inagandisha?"

"Inagandisha."

"Imewahi kuzima tangu tuilete?"

"Haijawahi."

"Sasa tatizo liko wapi, mzee wangu?"

Muuza maziwa akatafuta tatizo, hakuliona, akakaa.

Shemeji akawageukia wote. "Fungueni mkataba ukurasa wa kwanza. Kama kuna mahali pameandikwa friza mpya, nionyesheni. Pameandikwa baridi. Nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, usiku na mchana. Bodi tunazitengeneza upya kwa sababu bodi nzuri haitupwi. Kompresa, gesi, waya, vyote vipya. Ikiwa ya babu yenu au ya jana, hilo ni la kwetu sisi, kwa sababu friza ni yetu."

"Mimi shida yangu nyama igande," Mama Bucha akasema, na akacheka kabisa. "Tena nimeikumbuka, ilikuwa imara hii. Nileteeni hiihii!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Daktari, shuka bwana, soda zinapata moto!"

Wasomaji wangu, nimewahi kufiwa, nimewahi kufilisika, lakini sijawahi kuona aibu kama ile. Silaha yangu yote niliyoinoa wiki nzima ilikuwa imegeuka mzaha wa kusindikizia soda. Kwangu friza ilikuwa kitu chenye umri, chenye historia, chenye fundi wake. Kwao ilikuwa shimo la baridi. Wao walikuwa wameshavuka, mimi nilikuwa bado ng'ambo napiga kelele.

Kama ningeshuka pale, leo ningekuwa bado nina mke.

Sikushuka.

"Vyote vipya?" nikapiga kelele. "Anasema ndani vyote vipya! Mimi ndiye niliyeitibu hii friza, na ushahidi wangu umo ndani. Hawa hata bati hawakubadilisha!"

"Huna ruhusa ya kufungua," Mkurugenzi akasema.

"Mwache," shemeji akasema. "Mwache afungue, mheshimiwa. Wateja wasije wakasema tunaficha."

Nikatoa ufunguo wangu wa msumari. Watu wakanyoosha shingo. Mbili za juu, laini. Nne za chini zilikuwa ngumu, zimekazwa hasa, nikazitolea jasho. Nikalitoa bati, nikaliegemeza juu ya meza ya mikataba, upande wa ndani ukiwatazama watu.

"Mke wangu! Njoo usome. Wewe unaujua mwandiko wangu. Soma kwa sauti, kila mtu asikie!"

Nilimwita mimi. Sikutumwa na mtu.

Akaja, anakwepa viti, anamkwepa dada yake kwa macho. Nikampa kipaza sauti.

"Mpira wa mlango, mpya," akasoma. "Themostati, mpya. Feni, imesafishwa."

"Mnasikia?" nikawaambia watu. "Mwandiko wa nani huo?"

"Wako," akasema, na akaendelea, kwa sababu nilikuwa nimemwambia asome. "Kompresa. Nimeweka ya zamani. Mteja anajua ni mpya. Itafika miezi sita."



*

Kuna jambo sijawaambia wiki zote hizi. Mmenihurumia, mmeniandikia barua, mmemtukana shemeji yangu mpaka mhariri akaomba mpunguze. Leo nalitoa.

Mwaka ule kompresa ya Mama Bucha ilikufa, nikamwambia nimemwekea mpya. Nilimwekea kuukuu niliyoitoa kwenye friza nyingine. Nilijua itakufa. Nilitaka ife, baada ya miezi sita, ili aniite tena. Wateja wangu wengi niliwafanyia hivyo. Hilo ndilo lililokuwa shamba langu.

Lakini ile haikufika miezi sita. Ilikufa baada ya miwili, wiki ileile ya ng'ombe watatu. Mama Bucha aliponiuliza imekuwaje na mimi nimemwekea mpya, nilitazama mle dukani nikaona pasi juu ya kabati.

"Nani analala humu?" nikamwuliza.

"Mdogo wangu."

"Basi muulize huyo alichomoa nini akachomeka nini."

Ni hayo tu. Sikumtaja mtu, sikumshtaki mtu. Siku tatu baadaye yule msichana akaja karakana na begi lake, anaomba nimwambie kama kweli pasi inaweza kuua kompresa, kwa sababu ni kweli usiku ule alikuwa amenyoosha nguo. Nikamwambia inaweza. Nikampa maji ya kunywa. Baada ya mwaka nikamwoa.

Mtasema nilisahauje kwamba imeandikwa. Kosa lenyewe sikulisahau hata siku moja. Nilichosahau ni kwamba nililiandika. Mkono wa fundi unaandika wenyewe, kama unavyofunga vifungo vya shati. Na kama siku ile bandani ningefungua skrubu zote sita kama nilivyofundisha wengine, ningeona.

*

Alikuwa bado ana mstari mmoja. Nikanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti. Akanigeuzia bega.

"Kompresa," akasoma, na sauti yake ilikuwa imeshuka lakini spika zilikuwa kubwa. "Imekufa yenyewe. Nimeweka mpya. Kweli safari hii."



"Tarehe?" Mama Bucha akauliza.

"Dada..."

"Nimeuliza tarehe, mdogo wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka minane kumwita hivyo.

Mke wangu akaitaja. Mama Bucha akakaa juu ya ngazi ya jukwaa, mzima mzima, kilemba kikamwangukia begani. "Wiki ya karamu," akasema. "Ile wiki yenyewe."

Kisha akaniangalia mimi. "Wewe uliniambia pasi."

"Mama Bucha, nisikilize..."

"Uliniambia pasi! Nilimtupia nguo zake kwenye matope. Mama amekufa anatuita wawili tukae kitanda kimoja, nikakataa. Kwa neno lako. Kwa pasi!"

Mke wangu hakulia. Ningejua la kufanya angelia. Alikuwa anautazama ule mstari, anaupitisha kidole, kama mtu anayejifunza kusoma.

"Imekufa yenyewe," akarudia, taratibu. "Kwa hiyo uliandika ukweli."

"Mke wangu, twende nyumbani tukaongee."

"Uliandika ukweli, ukaufungia humu. Halafu ukaja kulala na mimi chumba kimoja miaka saba, unaniona nanyoosha nguo zako kwa mkaa, naungua vidole." Akanionyesha vidole. "Hukuwahi kucheka peke yako hata siku moja?"

 

Akanyoosha mkono, akaitoa penseli juu ya sikio langu. Akainama mbele ya meza akaandika chini ya mstari wangu wa mwisho, upesi, bila kufikiri. Nilimwona anaandika tarehe ya leo. Yaliyofuata aliyaziba kwa bega. Alipomaliza akamwinua dada yake kwa kwapa, wakashuka jukwaani wameshikana, na watu wakawapisha.

Nikajitupa kulisoma lile bati. Shemeji alishalinyanyua.

"Samahani, Namba Kumi na Moja," akasema. "Hii ni mali ya kiwanda."

Akalirudisha mahali pake, akafunga skrubu moja baada ya nyingine kwa ufunguo wake wa kiwandani. Hakuharakisha.

"Ulijua," nikasema.

"Nililifungua mwezi uliopita, friza ilipoletwa. Sisi tunafungua zote sita." Akakaza ya tatu. "Nilikaa nalo sakafuni mpaka walinzi wakaja kunigongea."

"Kwa nini hukumwambia mke wangu?"

"Ningemwambia mimi, nani angeniamini? Mimi si yule mwizi wa daftari? Ungemwambia nimeandika mwenyewe, na angekuamini wewe, kama kawaida yake." Akakaza ya nne, ya tano. "Ilibidi ulifungue kwa mkono wako na umwite kwa mdomo wako. Mimi nilichofanya ni kukupa kazi aliyokuombea, na kulegeza skrubu mbili za juu."

Zilizunguka zenyewe. Nilidhani ni mkono wangu mzuri.

"Ungenipiga tu," nikamwambia. "Ungenifunga. Kwa nini hivi?"

"Kwa sababu na wewe ulikuwa umepanga hivihivi kwa ajili yangu." Akafunga ya sita, akaipangusa kwa kidole gumba. "Vua hiyo ovaroli uiache getini."

"Ameandika nini? Niambie hilo tu."

"Mstari mmoja."

"Unasemaje?"

"Hukuandikiwa wewe. Umeandikiwa fundi atakayekuja baadaye." Akawapungia wapakiaji mkono. "Hii inakwenda buchani kwa dada. Ameitia saini."

Wakaipandisha kwenye gari, nyeupe, kibonde kikinitazama. Mama Bucha akapanda mbele. Mke wangu akapanda naye, akafunga mlango, akashusha kioo.

"Pasi ya mkaa ipo jikoni," akaniambia. "Ukiniona nimeirudia, ujue nimekusamehe."

Gari likawaka. Mimi nilikuwa nimeshajua la kufanya. Bucha ile naijua, mlango wake wa nyuma naujua, na friza hukaa na mgongo wake ukutani, si zaidi ya hatua tatu kutoka dirishani. Skrubu sita. Dakika nne. Lazima nijue ameniandika nini.

Nikaingiza mkono mfukoni kuushika ufunguo wangu wa msumari.

Mfuko ulikuwa mtupu. Nikautafuta juu ya ile meza ya mikataba alipoinama kuandika, nikautafuta kwenye sakafu ya jukwaa. Nikainua kichwa, na gari lilikuwa linapinda getini, mkono wa mke wangu umening'inia nje ya dirisha, na katikati ya vidole vyake vilivyoungua msumari wangu wa inchi nne unang'aa kwenye jua.